Uzi Uliokatika Mwandoya

Mtu wa kwanza kuniomba waya wa breki bila kuwa na baiskeli alikuwa yeye. Alisimama mbele ya boksi langu la spana sokoni Bariadi, shati limechomekewa, viatu vinang'aa kuliko vya mkaguzi wa shule, akanipa salamu ya asubuhi ya Kisukuma na kuniita mama, "Mwangaluka, mayu. Fundi yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akainama kuchungulia nyuma ya gurudumu nililokuwa nimelining'iniza, kana kwamba kuna mwanamume amejificha pale.

"Haya, fundi. Nipe waya wa breki. Uliochakaa, lakini mrefu."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Wa gitaa."

Nilidhani ananitania, kwa sababu wateja wangu wengi walianza kwa kunitania. Lakini alichukua waya, akaketi juu ya tairi bovu, akaufumua. Ndani ya waya wa breki kuna nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Alichomoa moja, akaipitisha kwenye kitambaa chenye mafuta mpaka ikanyooka, akaifunga kwenye gitaa lake na kuikaza huku ameinamisha sikio. Kisha akaligonga na likaimba. Nyuzi za dukani zilipatikana Mwanza tu, tena kwa bahati. Nyuzi za baiskeli za Kichina zilipatikana kwangu.

Mji mzima ulimwita Mpiga Solo. Zamani alikuwa kwenye bendi ya chama cha ushirika, iliyozunguka vijijini msimu wa pamba na kuwachezesha wakulima. Ilipokuja miaka ya ruksa, vikaja vitu vyote kwa pamoja: mitumba, kaseti, sabuni za rangi tatu, na wanunuzi binafsi wa pamba na mizani yao. Ushirika ukaishiwa pumzi na bendi ikaishiwa kabla yake. Spika na ngoma zikafungiwa ghalani. Yeye aliondoka na gitaa moja la umeme, jekundu kama nyanya, ambalo kwa maelezo yake "lilinifuata lenyewe mpaka nyumbani."

Maelezo yake yote yalikuwa ya namna hiyo. Katika miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akisimulia jambo mara mbili kwa namna moja. Ukimuuliza alifundishwa gitaa na nani, jibu lilitegemea siku. Jumatatu alifundishwa na Mkongo aliyeshuka melini Mwanza akakosa nauli ya kurudi. Jumatano ni padri mmoja mzungu aliyekuwa anapiga gitaa kwa siri, askofu asijue. Siku moja alimwambia muuza samaki, tena kwa uso mkavu, kwamba alifundishwa na redio. "Nilikuwa nakaa nayo sana. Siku moja ikaniambia, we kijana, hebu lete mkono."

"Muongo wewe," alisema yule mama.

"Muulize redio."

Nadhani ukweli ulimponyoka mara moja tu, na hakuusema kama ukweli. Nilikuwa naziba pancha, yeye anapiga taratibu kitu kilichozunguka bila kwenda popote, vidole viwili tu vinakimbizana. Nikamwambia huo si muziki wa dansi. Akasema si wa dansi. Ni wa mtu mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe pamoja nao, mtu mzima, mkimya, ambaye alitembea nyuma ya kundi akipiga ilimba, kile kinanda kidogo cha vijiti vya chuma, kwa vidole gumba kutwa nzima. "Ng'ombe walikuwa wanakwenda kwa mwendo wa vidole vyake. Sisi tulidhani tunawaswaga sisi." Alipoona nimeacha kufanya kazi ili nisikilize, alikohoa akasema kwamba mtu huyo baadaye alikwenda Kongo akawa tajiri. Hapo nikajua kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Ni lazima niseme hali yangu, maana bila hiyo huyu mtu hataeleweka. Baba alikuwa fundi baiskeli. Alipofariki, na mama naye akamfuata kabla ya mwaka kuisha, niliacha shule kidato cha pili, nikachukua boksi la baba kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa karibu. Ndani kulikuwa na spana, solusheni, pampu, na plaizi yake ambayo mpini mmoja aliuzungushia mpira wa tyubu ili usimuumize kiganja. Plaizi ile ilikuwa imeshika umbo la mkono wake. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu watatu: mapacha, Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata.

Baba mdogo alikuja kutoka Lingeka, akanywa maji, akasema alivyopanga. Kulwa angekwenda kwa shangazi Mwamanyili. Doto angekaa kwake Lingeka. Shija angekwenda kwa wajomba. Mimi ningeolewa, na ng'ombe wa mahari wangesaidia kuwalea wenzangu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mkokoteni umezidiwa na mzigo, akataka kuupunguza, basi.

"Kulwa na Doto hawajawahi kulala nyumba mbili," nilimwambia.

"Watazoea."

"Niache nijaribu, baba."

Aliweka kikombe cha maji chini. "Nakupa mpaka msimu wa pamba uishe. Nikiona nyumba inayumba, nawachukua."

Kwa hiyo Mpiga Solo alinikuta nikijaza upepo matairi ya Bariadi nzima, nikihesabu wiki zilizobaki. Alikuwa akikaa pale kwenye tairi lake bovu asubuhi nyingi, anasema amekuja kufuata waya, lakini waya ukishapatikana haondoki. Siku moja, nikiwa napampu, aliniambia, "Mkono wako wa kulia hauchoki."

"Ukichoka nani atapampu?"

"Na haubadili mwendo. Nimekuhesabu kuanzia tairi la kwanza. Watu hulipia kufundishwa hicho."

Mpiga rithimu wake alikuwa amekimbilia machimbo ya dhahabu Geita, akamwachia gitaa lake, na wakala mmoja wa kampuni ya pamba alikuwa anatafuta wanamuziki wa kwenda naye vituoni msimu mzima. Kazi ilikuwepo, ila aliyepungua ni mtu wa rithimu. Nilimwambia sijawahi kushika gitaa. Akasema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote, maana hakuna cha kufuta.

Hapa ndipo ukinzani wake mkubwa ulipo. Mtu aliyeitwa Mpiga Solo hakunifundisha solo hata siku moja. Mwezi wa kwanza sikuruhusiwa kutumia mkono wa kushoto isipokuwa kuziba nyuzi zisilie. Nilipiga kwa mkono wa kulia tu, chaka-chaka, chaka-chaka, kama mtu anayepepeta mpunga. Watu waliopita walisimama kutucheka. "Dada fundi, hilo gitaa nalo lina pancha?" Nilipolalamika alisema, "Solo anakuja kutembea tu. Anakunywa chai, anasifiwa, anaondoka. Rithimu ndiye anayelala hapa."

"Mbona wewe unapiga solo?"

"Mimi napenda kusifiwa."

Alikuwa na mambo mengine ya kunichanganya. Hakugusa pombe, lakini alijua bei na ladha ya kila pombe ya mkoani. Alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa nje. Alikuwa nadhifu kupindukia, mtu wa kupiga pasi hadi leso, halafu leso hiyohiyo anafutia grisi ya waya zangu. Alinywa chai na michembe, viazi vitamu vya kukausha, asubuhi na kudai kwamba ndicho kinachomfanya asizeeke vidole. Akiwa na hasira alikuwa anakwambia "wabeja sana", yaani asante sana, kwa sauti ya chini, na ukisikia hivyo unajua umemkosea.

Shule yake kubwa ilikuwa kunituma kusikiliza. Alinituma kwenye kwaya ya kanisa la jirani yangu, yule mama aliyekuwa akikaa na wadogo zangu nikiwa sipo. Alinituma kwenye kibanda cha kaseti stendi. Alinituma nje ya mji kutazama kikundi cha wakulima waliokuwa wakilima shamba la mtu kwa ngoma, majembe yote yanapanda na kushuka pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono thelathini. Nikirudi, hakuuliza wimbo ulikuwaje. Aliuliza swali moja tu, siku zote lilelile.

"Nani alikuwa anafanya kazi pale bila kusikika?"

Mara ya kwanza nilisema, aliyekuwa anapiga ngoma. Akasema huyo amesikika mpaka Maswa. Nikarudi tena shambani. Safari hii nilimwona mama mmoja mzee mwisho wa mstari, haimbi wala hachezi, lakini wenzake wote walikuwa wanautazama mguu wake. Mguu wake ulipotua, majembe yalitua. Nilipomweleza Mpiga Solo, alisimama, akainua kofia yake, akakaa tena. Siku iliyofuata akaniruhusu kutumia mkono wa kushoto.

Tulikwenda Mwandoya na lori la wakala mwanzoni mwa msimu, nami nikabeba boksi langu la spana. Wakala alikuwa kijana wa mjini, miwani ya jua haitoki usoni hata akila. Wazo lake lilikuwa rahisi: kampuni nyingine ilikuwa inanunua pamba ng'ambo ya barabara, ikiwa na jenereta na maspika makubwa kama makabati, inapiga kaseti. Yeye angeweka muziki wa watu hai, wakulima wangevutwa, wangeleta pamba kwenye mizani yetu. Tulikuwa watatu: Mpiga Solo, mimi, na jamaa mmoja wa palepale aliyepiga madumu ya plastiki vizuri kuliko wengi wanavyopiga ngoma za kununua. Amplifaya yetu iliendeshwa kwa betri ya lori.

Tukaanza kupiga, na ng'ambo wakaongeza sauti ya kaseti. Mikokoteni ya ng'ombe ikaanza kuwasili, imejaa pamba mpaka juu. Wakala akasugua mikono. Wakulima wakasimamisha mikokoteni katikati ya barabara, wakafungua ng'ombe, wakawapa majani, wakatandika magunia, wakakaa.

Saa moja ikapita, kisha ya pili. Watu walikuwa wanaongezeka, wanatusikiliza, wanavuka kwenda kusikiliza kule, wanarudi, wanabishana. Mizani zote mbili zilikuwa zinaning'inia tupu.

"Wazee!" wakala aliita. "Mizani iko wazi!"

"Tumeiona, kijana," alijibu mmoja. "Kwani ngoma imeisha?"

"Ngoma gani?"

"Hii hapa. Bado hatujaona nani kashinda."

Mpiga Solo alicheka mpaka akakosea nota, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mayu," aliniambia, "wametuchukulia kama Bagika na Bagalu." Kila Msukuma anajua: vyama viwili vya ngoma vikishindana, havichezi kwa zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji ndio waamuzi. Upande watakaohamia wengi ndio umeshinda. Na jambo hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, kwa sababu watu makini hawaamui haraka. Kampuni mbili zilikuwa zimeweka muziki pande mbili za barabara baada ya mavuno. Wakulima wangeelewa nini kingine?

Siku ile haikupimwa pamba hata kilo moja. Jua lilipokuwa linazama wakala alivua miwani kwa mara ya kwanza. "Kesho saa sita mchana. Kama mizani haijasogea, mnapanda lori mnarudi Bariadi. Kazi imekwisha."

Kama kazi ikiisha mwanzoni mwa msimu, nilijua nani atakuja nyumbani kunywa maji na kuwagawa watoto.

Na hakungoja nyumbani. Asubuhi ya pili, kati ya mikokoteni iliyowasili, nilimwona baba mdogo, amekaa juu ya pamba yake, anatazama huku.

"Yule mwenye kofia ya kijani," nilimwambia Mpiga Solo, "ndiye baba mdogo."

"Yule anayetafuna michembe?"

"Huyo."

Alimwangalia kwa makini. "Ana masikio makubwa," alisema. "Vizuri."

Tulipiga. Kule kaseti ilikuwa inanguruma, na umati uligawanyika nusu kwa nusu kama jana yake. Solo ilikuwa inameremeta asubuhi ile, watu wanamshangilia kwa jina. Katikati ya wimbo aligeuka, akaupa umati mgongo, akainamia amplifaya kama alivyozoea kufanya waya zikilegea. Nikasikia "tang!" kwenye spika. Alipogeuka tena, uzi wa kwanza ulikuwa unaning'inia kama unywele.

"Umekatika," alisema. "Usiache."

"Waya upo kwenye boksi langu!"

"Siuoni." Na akakaa juu ya boksi.

Wanaojua ngoma wanajua kwamba anayenyamaza ameshindwa. Ng'ambo wakapiga kelele ya furaha. Upande wetu wakaanza maneno. "Solo kafa! Kabaki binti!" "Dada, rudi Bariadi, kuna matairi yanakusubiri!" Nilitamani kuangalia chini, lakini macho yangu yalikwenda kwenye kofia ya kijani. Baba mdogo alikuwa ameacha kutafuna.

Nikapiga nilichokuwa nacho. Nilikuwa na chaka-chaka tu, mkono wa pampu, na mwendo wa yule mama mwisho wa mstari wa majembe. Mpiga madumu akaingia chini yangu. Tulikwenda hivyo, sisi wawili, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama shamba. Ndipo mama mmoja juu ya mkokoteni akautambua mwendo. Akaanzisha wimbo wa kulimia. Wanaume wakaitikia. Akaimba mstari, wakaitikia wengi zaidi. Wa ng'ambo wakasikia wenzao wanaitikiana, wakaanza kuvuka barabara, kwa sababu kaseti unaweza kuiimbia kutwa nzima na haitakujibu. Kabla ya saa sita upande wetu ulikuwa umejaa watu wanaoruka na vumbi lao, na kule jenereta likabaki linazungumza peke yake.

Tukawa tumeshinda. Watu walisema hivyo, wazee wakathibitisha. Kisha, mambo yakiwa yameamuliwa vizuri, wakafunga ng'ombe zao, wakapeleka pamba yote ng'ambo.

"Nyinyi!" wakala alikuwa karibu kulia. "Si mmesema hawa wameshinda?"

"Wameshinda sana," mzee mmoja alimtuliza. "Lakini huku kwenu kumejaa watu, ngosha. Mkokoteni utageuza wapi?"

Baba mdogo alikuja kabla hajaondoka. Alinisalimia kama anavyosalimia watu wazima, akamaliza salamu zote.

"Uzi wa mzee ulikatika," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe hukuacha."

"Aliniambia nisiache."

Alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena. "Mapacha wakae pamoja. Na Shija akae nao. Nikimaliza kuvuna nitaleta mahindi."

"Na habari ya kuolewa?"

"Hiyo utakuja kuniambia wewe." Kisha akaenda kuuza pamba yake ng'ambo.

Tulirudi Bariadi bila kazi, juu ya lori, na nilikuwa naimba. Nilipofungua boksi nyumbani sikuiona plaizi ya baba. Nikalia kwa ajili ya plaizi kuliko nilivyowahi kulia tangu msiba. Mpiga Solo alisema lazima ilianguka Mwandoya, akaniletea nyingine mpya wiki iliyofuata. Siku zile zote hakuniuliza swali lake. Ilikuwa safari pekee ambayo nilirudi na hakuniuliza nani alifanya kazi bila kusikika. Nilidhani amesahau.

Habari zetu za Mwandoya zilimwezesha kuishi upya. Tukapata harusi, tukapata sherehe za kipaimara, tukapata bendi ndogo. Mimi nilishika rithimu, na ninaishika mpaka leo, ingawa boksi la spana sijaliacha. Yeye alisimulia mkasa ule kila mahali. Na hapa nilitakiwa kushtuka mapema. Alikuwa akiusimulia vilevile kila mara, neno kwa neno: "Uzi wangu ukakatika wenyewe, waya wa breki unajua, nikabaki nimekaa, mtoto akapiga."

Nilimwona karibuni kwa binti yake, Mwamanyili, alikohamia baada ya vidole kuanza kujikunja. Nilimpelekea seti ya nyuzi za dukani, siku hizi zinapatikana hapahapa Bariadi. Alikuwa amepiga pasi shati. Gitaa jekundu lilikuwa limelala kitandani kama mgonjwa wa familia. Nilimweleza kwamba Shija sasa ni mwalimu, na kwamba Kulwa na Doto wamejenga viwanja vinavyopakana na wanagombana kuhusu uzio. Alifurahi sana kuhusu huo ugomvi.

Nilifunga nyuzi zote, nikazikaza. Ncha zikabaki zimesimama kichwani mwa gitaa kama sharubu za paka.

"Zikate, zitawachoma wajukuu," alisema, huku anapuliza chai yake. "Plaizi iko kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati."

Nikashusha kopo. Chini ya misumari na betri zilizokufa, mkono wangu uliujua kabla ya macho. Mpini mmoja ulizungushiwa mpira wa tyubu.

Nilisimama nayo. Aliinua macho, akaiona, akaona kwamba nimeona. Binti yake alikuwa anaingia na jirani mmoja, mzee mwenzake, ambaye aliuliza mgeni huyu ni nani.

"Huyu ndiye wa Mwandoya," alisema Mpiga Solo. "Sijakusimulia? Uzi wangu ukakatika—"

"Wenyewe?" nilimuuliza.

Alikunywa chai kidogo, taratibu, kama mtu mwenye nafasi. "Wenyewe," alisema. "Waya wa breki, unajua."

"Najua, mzee. Mimi ndiye fundi."

Nikakata ncha sita, moja baada ya nyingine, nikairudisha plaizi kwenye kopo la maziwa, nikapandisha kopo juu ya kabati. Yeye aliendelea kumsimulia jirani, na hakubadili hata neno moja.